Kabla hujalazwa mezani, uliza nani atabaki macho

USIKU wa kuamkia siku ya upasuaji wake, rafiki yetu mmoja aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wasee, kesho asubuhi naingia thieta. Wanatoa kale kauvimbe ka kwenye titi. Niombeeni."

Majibu yalimiminika. "Pole sista." "Mungu mbele." Kisha hofu zikaanza kuvuja. "Kisu hata si shida, mimi naogopa hiyo nusukaputi," akaandika mmoja. "Kuna jirani yetu alilala, hakuamka." Mwingine akaleta ya shangazi yake aliyedungwa sindano ya mgongo akijifungua, ati mpaka leo akiinama kufua analia. Wa tatu akashauri: "Waambie wakuwekee dawa kidogo tu."

Nilizisoma jumbe hizo tena kabla ya kulala. Sote tuliiogopa dawa. Hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwa kumi na saba, aliyemuuliza swali lenye uzito zaidi: nani atakaa kando ya kichwa chako ukiwa umelala, na atakuwa anaangalia nini?

Makala haya yanahusu swali hilo. Ukifuatilia jinsi watu wanavyopotea kwa sababu ya nusukaputi, utaona kwamba dawa yenyewe mara nyingi si mshukiwa mkuu. Kinachoua ni zile dakika chache ambazo mtu aliyefaa kutazama hakuwepo, hakuwa na kifaa, au hakujua anachokiona.

Kwa nini tuliongelee sasa

Kwa sababu sisi ndio tunaolazwa mezani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, ulionyesha kwamba mwaka wa 2014 takriban asilimia 9 ya watoto nchini walizaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ukaonyesha takriban asilimia 17. Hiyo ni karibu mara mbili ndani ya miaka minane, na wengi wa mama hao ni wa rika letu. Ongeza mifupa inayovunjika kwenye ajali za bodaboda, meno ya mwisho yanayong'olewa, na sasa kliniki za kupunguza tumbo na kuongeza makalio zinazojitangaza kwenye simu zetu kila siku.

Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini katika kliniki ya Nairobi, na baraza la madaktari KMPDC likaifunga kliniki hiyo. Sikitaji kisa hicho kwa kudai kwamba nusukaputi ndiyo iliyomuua. Nakitaja kwa sababu ya tulivyokijadili. Mtandaoni tulibishana wiki nzima kuhusu urembo: mbona asingeenda jim, mbona asingejikubali alivyo. Marehemu akahukumiwa na watu wasiomjua. Swali la ni nani anaruhusiwa kumlaza binadamu katika jengo la ofisi, na akiwa na vifaa gani, lilipita kama gari la msafara. Tulilisikia ving'ora, hatukuona aliye ndani.

Si usingizi

Tunasema "kulazwa" au "kupewa dawa ya usingizi". Jina ni tamu, lakini linadanganya.

Ukisinzia kwenye matatu ukitoka tao, shingo ikapinda na pumzi ikabana, mwili hujishtua wenyewe. Unakoroma, unageuka, unaamka ukipangusa mate. Ukipewa nusukaputi kamili, hakuna kushtuka. Ulimi unaweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa nawe usijue. Kile kikohozi kinachozuia matapishi yasiingie mapafuni kinazimwa. Pumzi hupungua au hukatika kabisa, hasa ukiongezewa dawa ya kulegeza misuli. Presha hushuka.

Hayo si makosa ya mtu. Ndivyo dawa inavyofanya kazi. Kwa hivyo anayekupa dawa hiyo anakubali kuifanya kazi ambayo mwili wako ulikuwa ukijifanyia: kukupumulia, kulinda koo lako, kushikilia presha yako. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, huanza kuharibika. Huyo mtu akitoka chumbani, kazi hiyo inabaki bila mwenyewe.

Si kila dawa inafika huko. Ganzi ya jino hufisha sehemu ndogo tu, na hatari yake ni ndogo mradi kipimo kisizidishwe. Sindano ya mgongo, ile wanayopewa mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, hufisha mwili kuanzia tumboni kwenda chini na wewe ukiwa macho, ingawa presha inaweza kushuka ghafla.

Halafu kuna ile ya katikati, "usingizi mwepesi", inayotumika kwenye kliniki za urembo, za meno, na kwa wanaoingizwa kamera tumboni. Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Usingizi mwepesi na usingizi mzito ziko kwenye ngazi moja. Unadungwa kidogo, unaongezwa kidogo, na kabla mtu hajajua umeshateremka kidato ambacho hukupaswa kufika. Kwa sababu unaitwa mwepesi, wapo wanaoona hakuna haja ya kuweka mtu maalum wa kukutazama.

Mwanamuziki tajiri na daktari aliyetoka kidogo

Michael Jackson alikuwa na pesa za kununua hospitali. Juni 25, 2009, alifariki katika nyumba yake Los Angeles baada ya kupewa propofol, dawa ya kulazia wagonjwa wa upasuaji, ili apate usingizi tu. Daktari wake, Conrad Murray, aliwaambia polisi kwamba alitoka chumbani kwa dakika mbili hivi kwenda msalani, na aliporudi akakuta mgonjwa hapumui. Mahakamani ilielezwa kwamba alikuwa pia akipiga simu, na kwamba chumba hakikuwa na vifaa vya kutosha vya kufuatilia pumzi. Novemba 2011 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia.

Propofol hutumika kila siku duniani, na wengi sana huamka salama. Dawa hiyo hiyo, ikitolewa mahali ambapo hakuna aliyebaki macho, ilimuua mmoja wa watu mashuhuri zaidi duniani.

Hadithi hii ni ya zamani kuliko Jackson. Oktoba 16, 1846, daktari wa meno William Morton alionyesha mbele ya watu mjini Boston kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa akakatwa bila kuhisi. Kabla ya hapo watu walishikiliwa na wanaume wenye nguvu huku wakipiga mayowe. Dunia ikashangilia. Chini ya miezi 16 baadaye, Januari 1848, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener, karibu na mji wa Newcastle nchini Uingereza, alipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa ndani ya dakika chache. Ukucha tu.

Kilichopunguza vifo

Mwaka wa 1982, televisheni ya ABC nchini Marekani ilipeperusha kipindi kilichoonya kwamba watu 6,000 wangekufa au kuharibika ubongo kwa ajali za nusukaputi. Umma ulishtuka. Badala ya kukana tu, viongozi wa taaluma hiyo waliunda wakfu wa usalama wa mgonjwa mwaka wa 1985. Mwaka uliofuata, hospitali zinazofundisha za Harvard zikachapisha masharti ambayo ukiyasoma leo utacheka kwa urahisi wake. Mtoa nusukaputi asitoke chumbani. Presha na mapigo ya moyo vipimwe angalau kila dakika tano. Pumzi na mzunguko wa damu vifuatiliwe bila kukoma.

Vifaa vya kupima oksijeni kwenye kidole, na vya kupima hewa ya kabonidioksidi unayoitoa ukipumua, vikafuata chumbani. Dawa ziliboreka pia, na mafunzo. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya 1999 ilikadiria kwamba vifo vilivyotokana na nusukaputi vilishuka kutoka 2 kwa kila wagonjwa 10,000 mwanzoni mwa miaka ya themanini hadi 1 kwa kila 200,000 au 300,000.

Hapakuwa na muujiza hapo. Watu walikubaliana tu kwamba mgonjwa asiachwe bila jicho.

Hesabu ya Afrika

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2018, jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, kwa wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa hao kwa jumla walikuwa vijana kuliko wale wa nchi tajiri, na wenye magonjwa machache zaidi. Walipaswa kufanya vizuri. Lakini asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia.

Kinachoniumiza zaidi katika utafiti huo ni saa ya vifo. Karibu vyote, takriban 95 kati ya kila 100, vilitokea baada ya upasuaji, si wakati mgonjwa akikatwa. Yaani mgonjwa alitoka thieta akiwa hai, akarudishwa wadini, akaanza kuzidiwa taratibu, na hakuna aliyeona mapema. Ni kukosa jicho kule kule, ila limehamia chumba kingine.

Kwa mama wanaojifungua hali ni mbaya zaidi. Uchambuzi wa 2019 kutoka nchi 22 za Afrika ulionyesha kwamba takriban mama 5 kati ya kila 1,000 waliojifungua kwa upasuaji walifariki, karibu mara 50 ya nchi tajiri. Tuwe wakweli: wengi huuawa na kuvuja damu na maambukizi, si nusukaputi. Hata hivyo, uchambuzi mwingine wa 2016 uliohusu nchi za kipato cha chini na cha kati ulikadiria kwamba nusukaputi ilichangia takriban vifo 14 kati ya kila 100 vya mama waliofariki baada ya upasuaji wa kujifungua. Hao ni mama walioenda kuleta mtoto, na wengi wangeokolewa na mtu aliyefunzwa, mwenye kifaa kinacholia oksijeni ikishuka.

Mashine bila mtu

Shirikisho la dunia la wataalamu wa nusukaputi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Kenya haijafika hata mmoja. Na hao wachache tulio nao, wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa.

Basi nani huwalaza watu kule Lodwar, Mandera au Kwale? Mara nyingi ni maafisa wa kliniki na wauguzi waliorudi darasani kusomea nusukaputi. Tusiwadharau. Bila wao kaunti nyingi zingefunga vyumba vya upasuaji kesho. Mwenye kufunzwa vyema, mwenye vifaa na mwenzake wa kumuita, huyo ni mtu salama. Hatari inakuja pale anapokuwa peke yake usiku kucha, ameitwa upasuaji wa tatu, oksijeni imebaki robo mtungi, na hana mkubwa wa kumpigia simu.

Serikali zetu, zote mbili, zimependa kununua mashine kuliko kuajiri watu. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, vikiwemo vya vyumba vya upasuaji. Kamati ya Seneti ilipouchunguza, ripoti yake ya 2020 iliukosoa vikali, na ikabainika kwamba baadhi ya mashine zilikuwa zimekaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au majengo ya kuziweka. Mabilioni yalilipwa. Mashine ya nusukaputi iliyofunikwa shuka haimpumulii mtu.

Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya madai makuu ilikuwa kuajiriwa kwa madaktari wanagenzi. Wengi wetu tuliuona mgomo ule kama kelele za mshahara. Ulikuwa pia ni kuhusu nani atakuwepo chumbani siku wewe au dadako mtalazwa.

Karatasi moja ya Ifakara

Si kila suluhisho linahitaji mabilioni. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji, karatasi moja yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani. Kati yao palikuwa London, Toronto, New Delhi, na Ifakara, hapo jirani Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Sehemu ya kwanza ya karatasi hiyo inasomwa kabla hujapewa nusukaputi, maana ukishalala huwezi kujitetea tena. Wewe ni nani? Unafanyiwa upasuaji gani, upande upi? Umekubali? Mashine na dawa zimekaguliwa? Kipimo cha oksijeni kiko kidoleni na kinafanya kazi? Una mzio wa dawa yoyote?

Sisi Wakenya tunajua bei ya kuruka hatua hiyo. Mapema 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alihitaji kutolewa damu iliyoganda kichwani, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kufunguliwa ubongo. Aliyefunguliwa fuvu alikuwa asiye ndiye, na madaktari waligundua baada ya saa kadhaa kwamba hiyo damu waliyokuwa wakiitafuta haipo. Mtu aliyelala hawezi kusema "si mimi". Kwa hivyo ukiulizwa jina lako mara tatu na watu watatu, usikasirike. Hiyo ni kazi nzuri.

Kucha, chai na miraa

Upande wetu pia tuna mzigo wa kubeba.

Tumbo kwanza. Kanuni ya kawaida kwa upasuaji uliopangwa ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji. Na chai ya maziwa ni chakula, usijidanganye. Uji pia. Ukificha kwamba ulikunywa chai saa kumi na mbili asubuhi ili usiahirishiwe, chai hiyo inaweza kuishia mapafuni.

Pili, sema ukweli kuhusu unachotumia. Miraa na muguka hupandisha mapigo ya moyo na presha. Wavutaji wa bangi huenda wakahitaji dawa zaidi. Sigara, pombe, dawa za kienyeji, vidonge vya kupunguza uzito: yote yana maana kwa anayekulaza. Yeye hakuulizi ili akuripoti kwa mamako.

Tatu, kucha. Kipimo cha oksijeni hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi nzito au kucha za bandia zinaweza kukivuruga. Toa, hata kama ulilipia elfu mbili juzi.

Kuhusu kifaa hicho kuna jambo ambalo sisi hasa tunapaswa kulijua. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kinaweza kusoma kwamba uko sawa ilhali hauko. Bado ni afadhali kuwa nacho kuliko kukikosa, afadhali sana. Lakini katika nchi ambayo karibu kila mgonjwa ni mweusi, ina maana mashine haitoshi. Lazima kuwe na mtu anayetazama kifua kikipanda na kushuka.

Na zile hofu za kundini kwetu? Sindano ya mgongo inaweza kuleta maumivu ya kichwa ya siku kadhaa, nayo yana matibabu. Lakini tafiti hazijaihusisha na mgongo kuuma kwa miaka. Ujauzito wenyewe, kubeba mtoto na kuinamia karai vinatosha kuumiza mgongo. Kuzinduka katikati ya upasuaji hutokea, ila ni nadra: uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland wa 2014 ulipata takriban mtu 1 kati ya kila 19,000 akiripoti hivyo. Na "dawa kidogo tu" ni ushauri mbaya. Kipimo ni kazi ya aliyesomea.

Maswali matano

Sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu, hatari zake na gharama zake, kwa lugha unayoielewa, kabla hujatia saini. Ile fomu unayosukumiwa ukiwa tayari umevaa gauni la kijani si risiti ya supamaketi. Uliza:

Nani atanilaza, na amesajiliwa wapi? Daktari husajiliwa na KMPDC, afisa wa kliniki na muuguzi kila mmoja ana baraza lake. Majina yanaweza kukaguliwa.

Je, atabaki chumbani mwanzo mpaka mwisho? Ukiambiwa kwamba anayekupasua ndiye atakayekulaza na kukutazama pia, chukua mkoba wako uende.

Mtafuatilia nini? Angalau oksijeni, presha na mapigo ya moyo. Kwa usingizi mzito, waulize pia kama wanapima hewa unayoitoa.

Mambo yakiharibika, mna oksijeni na dawa za dharura hapa hapa? Mtanipeleka hospitali gani, kwa gari gani?

Nikishatoka, nani atakuwa nami mpaka niamke vizuri? Kumbuka ile hesabu ya Lancet.

Kwa anayepanga upasuaji wa urembo, maswali haya si hiari. Una muda, una chaguo, na ni doh yako. Kliniki inayoudhika ukiuliza imeshakujibu.

Lakini nisijifanye kwamba maswali matano yatatosha. Mama aliyefikishwa saa nane usiku kwa bodaboda, mtoto amekwama, hana nafasi ya kuhoji mtu. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi kwamba matibabu hayo yatakuwa na mtu mmoja aliyechoka na mtungi mtupu. Kwa niaba ya mama huyo, anayepaswa kuulizwa ni gavana, na wa kumuuliza ni sisi. Bajeti ya kaunti inapojadiliwa na umma, wachache wetu huenda, na wanaoenda huuliza barabara na uwanja. Tuulize pia: hospitali yetu ya kaunti ndogo ina watu wangapi waliosomea nusukaputi? Kipimo cha oksijeni kiko kila chumba cha upasuaji, na pale wagonjwa wanapoamkia? Maswali hayo hayahitaji shahada.

Usiku ule nilimwandikia rafiki yangu faraghani, nikamtumia swali moja tu kati ya hayo, lile la pili. Nilidhani ataona namwongezea wasiwasi.

Asubuhi, akiwa ameshalala kitandani anasukumwa, alimuuliza jamaa wa makamo aliyekuja kumwekea kifaa kidoleni: "Daktari, utakuwa hapa mpaka mwisho?"

"Mimi si daktari, dadangu, ni afisa wa kliniki wa nusukaputi," akamjibu. "Na nitakaa hapa hapa kichwani pako. Hata nikitaka kwenda choo, namuita mwenzangu kwanza."

Saa saba mchana ujumbe uliingia kundini: "Niko poa. Nina njaa kama mbwa. Nani analeta chapo?"